D nne zinatosha kumpeleka mtu chuo cha uuguzi? Tujadili

MjombaKibaigwa
Wakuu, heshima kwenu. Matokeo ya kidato cha nne yametoka na huku mtaani kila mwenye D zake nne anasema anakwenda unesi. Nimeusoma mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Stashahada ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na humo ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza tu, ukiwa nazo vizuri, usipokuwa nazo twende. Na ufaulu unaanzia D, yaani 30. Mtu kaambulia 30 ya Baiolojia, miaka mitatu baadaye anamchoma mama yako sindano.

Hoja yangu: Kemia na Baiolojia ziwe C, halafu pawepo usaili wa ana kwa ana, tujue nani ana wito na nani kasukumwa na shangazi yake. Maana siku hizi ukienda hospitali unamkuta nesi ana kucha za tai, kope zimefika kwenye paji la uso, anakujibu huku macho yake yakiwa kwenye simu.

SindanoMbili
Nilikuwa nakusoma vizuri mpaka ulipofika kwenye kucha. Mimi ni nesi, wodi ya wanaume, mkoani. Juzi usiku nilikuwa peke yangu na mhudumu mmoja. Vitanda vimejaa, wengine wamelala chini kwenye magodoro. Kuna dripu za kubadilisha, kuna wa kugeuzwa asipate vidonda vya mgongo, kuna ndugu anataka kuingia saa saba usiku kwa sababu anamjua mganga mkuu. Hizo kucha ningezibandika saa ngapi? Na simu uliyoiona, kuna siku tunawashia tochi tutafute mshipa.

Mzee wa Mizani
Dada usimtoe mleta uzi kwenye reli. Kasema D. Jibu D.

SindanoMbili
Kasema na kope. Wewe umeona D tu kwa sababu kope hazikuhusu.

Baba Neema
Naunga mkono hoja ya kope. Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili aliambiwa maneno siwezi kuyaandika hapa. "Wakati unatafuta mimba ulipiga kelele hivi?" Hilo ndilo jepesi kati yao. Sijui yule nesi alikuwa na D au A, ila adabu ilikuwa F.

MkungaMstaafu
Wanangu, shikamooni hamsemi, basi nawasalimu mimi. Mnaongea D kama ugonjwa. Miaka ya sabini na themanini nchi hii ilichukua wasichana wa darasa la saba, ikawafundisha miezi 18, ikawapeleka vijijini wakaitwa MCH Aide, yaani wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Hawakuijua Fizikia hata kwa jina. Walipima watoto kwenye mizani ya kuning'iniza, walichanja, walizalisha kwa taa ya kandili. Nusu ya mnaobishana humu mlipokelewa na mikono yao. Kilichowasaidia ni kwamba mwalimu alisimama nyuma yao kitandani mpaka mkono ukazoea. Sasa hivi nawaona wanafunzi ishirini wamezunguka kitanda kimoja, wawili wanaona, kumi na wanane wanasaini logibuku, daftari la kuonyesha kwamba wamefanya mazoezi. Hapo ndipo pa kuuliza.

Mzee wa Mizani
Bibi, shikamoo. Ila enzi hizo hata wagonjwa walikuwa wavumilivu.

Mwikali254
Jirani zenu tunawasoma. Huku Kenya diploma ya nursing pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ni mean grade, yaani wastani wa masomo yote, ya C plain, na nafasi zinaombwa kupitia KUCCPS, wakala wa serikali wa kupangia wanafunzi vyuo. Ukiwa na D plain hata cheti cha uuguzi hupati. Ndiyo maana nesi wetu anatafutwa mpaka Uingereza, serikali mbili zimetia saini mkataba 2021.

MjombaKibaigwa
Mmeona? Asante jirani. Wenzetu wako mbele.

Baba Neema
Mbele wapi? C yao na C yetu si kipimo kimoja. Huku C ni 45 hadi 64, ukiipata umeipata. Wao wana C plus, C plain na C minus, hata herufi zina vyeo. Na huo mkataba, mwaka uleule si rais wao mwenyewe alilalamika hadharani kwamba manesi walipopewa mtihani wa Kiingereza wengi sana walianguka?

Mwikali254
Waliufanya basi. Wenu wameufanya lini?

Baba Neema
Haya, umeanza.

*(Hapo zimepita posti nyingi za Kenya na Tanzania, nani anajua Kiingereza, nani anajua Kiswahili, mpaka mtu akaleta habari za mahindi yaliyozuiwa mpakani.)*

KijanaWaNamtumbo
Samahani wakubwa kuwakatisha. Mimi ndiye mwenye hizo D mnazozisema. Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B, Uraia D, Kiingereza D, Hesabu F. Naupenda unesi tangu nilipomuuguza babu. Naomba kujua kama chuo cha serikali nitapata, na niko nyumbani tu sasa hivi, nisome nini kabla ya kwenda?

Mzee wa Mizani
F ya Hesabu! Mjomba, shahidi wako kajileta mwenyewe.

SindanoMbili
Muache mtoto. Kijana, sifa unazo, lakini kuwa na sifa na kupata nafasi ni vitu viwili. Vyuo vya serikali unaomba kwenye mfumo wa pamoja wa NACTVET, unapanga machaguo, na wenye C na B nao wamo humohumo. D zinakufikisha mlangoni tu. Vya binafsi unaomba chuoni moja kwa moja, ada ni milioni na ushee kwa mwaka, bado hosteli, sare na vifaa.

Kuhusu kujiandaa, achana na wanaokuuzia "notisi za mwaka wa kwanza". Fanya mawili. La kwanza Kiingereza, kwa sababu darasani kila kitu ni Kiingereza, halafu wodini mgonjwa anakwambia "nahisi moyo unapwita" na wewe uandike kwenye faili kwa lugha ya darasani. La pili, hesabu za dawa. Daktari kaandika pethidini, dawa ya maumivu makali, miligramu 75. Kichupa kina miligramu 100 ndani ya mililita 2. Unavuta ngapi? Mililita moja na nusu. Dripu ya lita moja iishe kwa saa nane, seti yako inatoa matone 20 kwa kila mililita. Lita ni mililita 1000, mara 20, unapata matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya: matone 42 kwa dakika, unayahesabu kwa saa ya ukutani. Hiyo ni hesabu ya darasa la sita, lakini ukikosea nukta mtu anaacha kupumua. Anza leo kwa daftari, bila kikokotoo.

MjombaKibaigwa
Kwa hiyo unakubali kwamba Hesabu iwe lazima! Miaka mitatu ya kusoma ni mingi kumwachia mtu wa F. Umeshinda kesi yangu, dada.

SindanoMbili
Nimesema afundishwe, sijasema afukuzwe. Nilimjua mwenye B ya Hesabu akitetemeka akiona damu. Na tusisahau kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga mwishoni, huandikishwi bila kuufaulu. Chujio lipo.

Mzee wa Mizani
Chujio la mwishoni linamwaga ada ya mzazi. Weka chujio mwanzoni.

Baba Neema
Mzee hapo umegonga kwangu. Binti yangu ana divisheni ya pili, ila Fizikia ilimkataa. Jamaa mmoja wa mtaani akaniambia "toa laki tatu nikushikilie nafasi chuo fulani, Fizikia tutaiweka sawa". Nikatoa. Namba yake haipatikani mpaka kesho. Binti ana C ya Bible Knowledge, nikadhani itaziba pengo. Masomo ya dini hayahesabiwi, nimeyajua hayo pesa ikiwa imeshakwenda.

MkungaMstaafu
Pole mwanangu. Huyo arudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka mmoja si kifo.

DogoMakorongo
Mimi nauliza swali moja. Huyo kijana wa Namtumbo ni mwanaume. Kozi inaitwa uuguzi NA UKUNGA. Ataingia leba?

SindanoMbili
Ataingia. Na atajaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, kama wengine.

DogoMakorongo
Mke wangu hazalishwi na mwanaume.

SindanoMbili
Na akipelekwa kufanyiwa upasuaji, utaangalia jinsia ya daktari bingwa? Au mwanaume akiwa daktari haya inaisha?

DogoMakorongo
Daktari ni daktari.

SindanoMbili
Ndiyo hiyo sasa. Nesi kwenu ni dada wa kutumwa. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi, mnatuwashia mishumaa, Mei 13 mnarudi kwenye kope.

KijanaWaNamtumbo
Babu yangu nilimwogesha mwenyewe miezi yote ile, kaka. Haya iliishia wiki ya kwanza. Nilikuwa nauliza tena, mkopo upo kwa diploma? Maana nyumbani tunategemea korosho.

Mwikali254
Korosho Namtumbo? Si mko tumbaku nyinyi?

KijanaWaNamtumbo
Zote zipo dada, lakini tumbaku baba kaacha.

Mzee wa Mizani
Mkopo wa stashahada ulianza 2023/24, na afya imo.

SindanoMbili
Afya imo, lakini orodha inakwenda kozi kwa kozi, siyo kila kinachofundishwa chuo cha afya. Fungua mwongozo wa HESLB, bodi ya mikopo, wa mwaka unaoomba, tafuta jina la kozi yako kwa kidole. Usilipe ada ya chuo cha binafsi kwa kutegemea mkopo wa kusimuliwa. Na tafuta cheti cha kuzaliwa mapema, RITA, wanakotoa vyeti hivyo, kukiwa na foleni utalia.

MjombaKibaigwa
Mbona hakuna aliyegusa usaili? Nilileta mambo mawili, mmeng'ang'ania kope na korosho.

Baba Neema
Mjomba, mimi nimetoa laki tatu mahali ambapo hakuna usaili. Ukiuweka, wataniomba ngapi?

MjombaKibaigwa
Hmm. Basi usaili naufuta. C ibaki.

KijanaWaNamtumbo
Mkuu kama C inabaki, naomba ianze mwakani.