Mjadala: Je, wachezaji wa bao wa Mtwara na Lindi waingizwe katika utafiti wa akili kwa njia ya michezo?

Mleta mada (Mikindani)

Ndugu wadau, naleta swali ambalo limenikaa moyoni. Kwa zaidi ya miaka kumi na mitano sasa, watafiti wamekuwa wakiwashirikisha watu wa kawaida kupitia michezo ya kompyuta ili kufahamu namna binadamu anavyotatua tatizo gumu. Je, wachezaji wetu wa bao waingie humo, na wakiingia, wawe wachunguzwaji tu au watafiti wenza?

Mimi naunga mkono, ila kwa sharti kwamba mchezaji aeleze sababu ya hatua yake kwa maneno yake mwenyewe, na maelezo hayo yahesabiwe kuwa sehemu ya utafiti. Nasema hivyo kwa sababu ya mchezo wa Foldit, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ambamo wachezaji hukunja umbo la protini kwenye skrini. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba walipata, ndani ya wiki tatu hivi, umbo la kimeng'enya cha virusi vinavyowaletea nyani maradhi yanayofanana na UKIMWI, umbo lililowashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi. Habari hiyo ndiyo iliyovuma. Kwangu mimi kubwa zaidi ni kwamba wachezaji waliandika mbinu zao, wakaziita mapishi, wakapeana na kurekebishiana, na mojawapo ya mbinu hizo ilikutwa ikifanana sana na ile ambayo wataalamu walikuwa wameibuni bila kuichapisha. Isingeandikwa, nani angeijua?

Sasa tazameni kijiweni. Jumamosi moja nilimwangalia mzee mmoja chini ya mwembe, akiwa na mitaji mitatu ya kuchagua, yaani hatua tatu za kula kete za mwenzake. Mkono wake ulisimama juu ya nyumba, lile shimo kuu la mchezaji, macho yakitembea shimo kwa shimo hadi safu ya nyuma, asiguse komwe hata moja. Kisha akaiacha nyumba, akachukua kete mbili za kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu, akala, akazunguka, akala tena, na kete zikalala pale pale alipokuwa amepakazia macho mwanzoni. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba hakuhesabu atakachokula. Alihesabu mwenzake atabakiwa na nini. Ubao wenye mashimo 32 na kete 64 unaweza kutuonyesha alichocheza, lakini sababu hiyo hauisemi.

Mchangiaji (Lindi mjini)

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, kilitengeneza mchezo wa Quantum Moves, wa kusogeza atomu kwenye skrini, na mwaka 2016 jarida la sayansi la Nature likachapisha makala iliyodai kwamba wachezaji waliishinda kompyuta. Hesabu zilipopitiwa upya kosa likaonekana, na makala ikaondolewa mwaka 2020. Kuipenda akili ya mwananchi si ushahidi. Tena michezo hii huchagua watu: asiye na simu janja hahesabiwi, na wavuvi wengi wa huku ndio hao.

Mleta mada (Mikindani)

Nashukuru, ndugu yangu, na la simu nalikubali lote. Ndiyo maana sitaki bao liingizwe kwenye simu kwanza. Ubao upo, komwe zipo, na vijana wa sekondari wanaweza kuandika kila hatua na kurekodi maelezo ya mchezaji baada ya mchezo kwisha, si katikati, kwa sababu anayekatizwa hupoteza hesabu. Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao Zanzibar miaka ya 1990 kwa kukaa nao, kwa hiyo njia hii si ndoto.

Kuhusu Quantum Moves, naona kosa lile linatuonya tusiwapambanishe watu na mashine ili tupate kichwa cha habari. Swali langu ni namna mtu anavyofikiri, na jibu lake lina thamani hata kompyuta ikimshinda mzee yule kila siku.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni sauti za wazee zitahifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini ridhaa inaanzia barazani. Nimemuuliza yule mzee kama angekubali kurekodiwa. Amekubali, ila ametaka asomewe kwanza yote yatakayoandikwa, mbele ya wenzake, kabla hayajatoka kijiweni.