Mnaouza pikipiki mtandaoni Arusha na Moshi bila kadi halisi, mnaumiza watu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Hii tabia ya kupiga picha pikipiki, kuibandika mtandaoni na kuandika "kadi ipo, bei maelewano" wakati kadi yenyewe ya usajili huna, imezoeleka huku Kaskazini mpaka watu wanaiona ni sehemu ya biashara. Huo ni wizi, na wanaoangukiwa ni watu wasio na pa kushika.

Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda Kwa Mrombo, Arusha. Miaka yote anaendesha ya mtu, jioni anapeleka hesabu kwa bosi, kinachobaki ndicho anacholishia watoto. Akachukua mkopo kikoba, akaongeza na akiba yake, akafikisha Sh 1,600,000. Akaona tangazo la Boxer BM 125 nyeusi: mtu mmoja ameitumia, haijawahi kupiga boda, injini haijaguswa, kadi ipo, inauzwa kwa shida ya ada ya watoto. Muuzaji akajitambulisha kuwa yuko Pasua, Moshi, ila akaomba wakutane Bomang'ombe, katikati ya Moshi na Arusha, ili kila mmoja asogee kidogo.

Alikwenda na fundi. Fundi aliikuta injini ya baridi, akaiwasha mwenyewe, akaangalia kama inatoa moshi wa bluu, akashika cheni na sproketi, akabonyeza shokapu, akasema chuma hiki ni kizima. Upande wa kadi wakaonyeshwa kopi. Halisi ikasemwa iko kwa mama mzazi Rombo, itapakiwa kwenye basi kesho yake. Jina la kwenye kopi likalingana na la kwenye kitambulisho alichotoa. Wakaandikiana, wakaweka mashahidi, hela ikatoka. Kesho yake simu ikaita bila kupokelewa. Baada ya hapo haikupatikana tena.

Mdogo wangu alikamatwa na pikipiki hiyo Usa River. Mimi nilipigiwa nikaenda kituoni, na niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu. Askari alichuchumaa mbele ya pikipiki, akageuza usukani wote upande mmoja, akafuta vumbi kwa kidole kwenye shingo ya fremu panapokaa namba ya chesesi. Rangi ya pale ilikuwa inang'aa kuliko fremu yote. Akakwangua kidogo kwa ufunguo. Chuma kilikuwa kimepigwa msasa mpaka kikaingia ndani, namba zimegongwa upya kwa mkono, 8 moja imepanda juu ya wenzake, na 3 ya mwisho ina mkia wa tarakimu nyingine iliyokuwepo kabla. Namba ya injini nayo haikufanana na ya kwenye ile kopi. Mdogo wangu akalala ndani kama mwizi wa pikipiki.

Tuliweza kumtoa kwa dhamana. Pikipiki imebaki pale, na mwenyewe wa kweli akijitokeza ataichukua, ni haki yake, maana mali ya wizi haigeuki kuwa yako kwa sababu umeilipia. Marejesho ya kikoba yanaendelea. Wale akina mama wa kikoba hawana kosa lolote, hela ni zao na wanazihitaji.

Sasa sikilizeni hili. Tangazo limerudishwa. Picha zilezile, ukuta uleule wa bluu nyuma, ndoo nyekundu ileile pembeni, ila sasa imeandikwa iko Sakina, Arusha, na bei imeshuka ili iende haraka. Pikipiki ya kwenye hizo picha imefungwa mnyororo kwenye uwanja wa polisi! Maana yake mtu mwingine anapigiwa hesabu sasa hivi, wakati mimi naandika hapa. Nimeripoti kwa wenye mtandao wa matangazo, mara ya kwanza nikajibiwa na mashine kwamba wanathamini maoni yangu, mara zilizofuata kimya. Lakini ukitaka kulipia tangazo lako lipande juu, hapo wanajibu ndani ya dakika. Hela ya tapeli wanaipokea, malalamiko ya aliyetapeliwa hawana muda nayo. Hilo linaniuma kuliko hata yule mwizi.

Na si wezi wa fremu peke yao. Kuna vijana waliopewa pikipiki za mkataba, wanatakiwa wapeleke hela kila wiki mpaka wamalize ndipo iwe yao. Mtu kafika katikati, ameshikwa na shida, anaitupia mtandaoni. Kadi ina jina la bosi na iko kabatini kwa bosi. Wengine wamechukua za mkopo, kadi imeshikwa na aliyewakopesha. Wanajua kabisa hawana cha kuuza, ila wanauza, na siku mwenye mali anakuja kuifuata, anayenyang'anywa barabarani ni mnunuzi. Shida yako naielewa, maisha ni magumu kwa wote. Haikupi ruhusa ya kuihamishia kwa mwenzako.

Mawinga nao, hawa madalali wa kati. Pikipiki moja ina matangazo kibao, kila mmoja kaongeza cha juu chake kwenye bei, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona kadi. Ukiuliza namba ya chesesi anakujibu "njoo uone chuma bro". Ukifika Kilombero unaanza kuzungushwa, mara mwenyewe yuko Ngaramtoni, mara tuma kwanza ya kushikia kuna mtu anakuja na cash. Mtu anayekudai hela ya kushikia kitu ambacho hujakigusa, funga simu.

Najua wapo watakaokuja kusema dogo alikuwa mzembe. Hapana. Alikwenda na fundi, alidai kadi, aliandikishana, alitaka kitambulisho. Alifanya mambo ambayo wengi humu hamjawahi kufanya. Tuache kumsakama aliyeibiwa huku aliyeiba anaendelea kubandika picha.

Kinachotakiwa kinajulikana. Kuhamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) kunataka kadi halisi, mkataba wa mauziano, na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya muuzaji na ya mnunuzi. Kama kadi imepotea kweli, muuzaji ndiye anayetakiwa kwenda polisi achukue loss report (taarifa ya upotevu), aombe kadi nyingine, kisha ndiyo atangaze. Kazi hiyo isihamishiwe kwa mnunuzi. Hela itoke mkiwa mmekaa TRA, Arusha au Moshi, mbele ya mtu anayeiona hiyo namba kwenye mfumo. Muuzaji wa kweli hawezi kukataa hilo, kwa sababu na yeye linamsaidia. Mjomba wetu aliuza TVS yake kwa kuaminiana, mnunuzi hakubadilisha jina, mpaka leo ukiingiza namba ile kwenye mfumo wa faini wa trafiki madeni yanaonekana, na kwenye kadi mwenye chombo bado ni yeye. Ikitumika kwenye tukio baya, wa kwanza kutafutwa ni mzee wa watu.

Wenye mitandao ya matangazo, mnaweza kuzuia hili na hamtaki. Dai picha ya kadi halisi kabla tangazo halijapanda. Dai namba ya chesesi. Namba ya simu ikiripotiwa na watu tofauti, ishushwe siku hiyohiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015 na udanganyifu wa kujipatia mali kwa kompyuta umo ndani yake, kwa hiyo msitujie na habari kwamba ninyi ni ukuta tu wa kubandikia karatasi.

Namba ya simu ya yule muuzaji tumeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na maelezo yapo polisi. Picha za matangazo yote mawili, la Moshi na la Sakina, nimezihifadhi pamoja na tarehe zake.

Ombi langu ni moja. Kama wewe au ndugu yako mliibiwa Boxer BM 125 nyeusi maeneo ya Moshi, Hai, Himo, Rombo au Arusha, na una kadi halisi, njoo PM na picha ya kadi. Kiti chake kimeshonwa upya kwa uzi mweupe upande wa kulia na kereti ya nyuma imechomelewa. Nitakuelekeza kituo ilipo na jina la mpelelezi wa kesi. Na kama na wewe uliuziwa na mtu wa ukuta wa bluu, njoo pia, kesi ikiwa na walalamikaji wengi haifi kirahisi.