Saruji ya Mtwara ihamie melini, au iendelee kutafuna barabara ya Kusini?

MLETA MADA: Wakuu, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar–Lindi ilikatika Somanga, malori yakalala foleni pande zote mbili. Bahari iko palepale pembeni. Mtwara ina bandari yenye kina cha asili, na kiwanda cha Dangote kilijengwa kutoa hadi tani milioni 3 za saruji kwa mwaka. Saruji ya huko ikienda Komoro hupanda meli. Ikija Dar hupanda semi! Semi inabeba tani 30 hivi, kwa hiyo meli ndogo ya tani 3,000 ni semi 100. Lami ikibonyea analipa mlipa kodi, si mwenye mzigo. Kwangu mimi, serikali iweke tarehe mzigo huu uondoke barabarani.

WAKALA WA MIZIGO: Mkuu, shida haiko baharini, iko gatini. Mfuko wa kilo 50 ukija kwa lori unashikwa mara mbili tu: kiwandani na dukani Mbagala. Ukipitia melini unashikwa mara nne, kila mara makuli wanalipwa na mifuko inapasuka. Saruji ikishika unyevu ndiyo basi tena. Hapo hujahesabu meli kusubiri zamu. Lori likitoka Mtwara jioni, kesho yake mteja anapakua.

DEREVA: Na sisi mnatupeleka wapi? Nangurukuru pale mama lishe, mafundi matairi, gesti, wote wanaishi kwa malori. Halafu nikishusha saruji Dar narudi na soda, unga na mabati, namfikishia mtu mpaka mlangoni Masasi. Meli itarudi na nini?

MLETA MADA: Wakala, nani kasema isafiri kwenye mifuko? Imwagwe melini ikiwa unga mtupu, ivutwe kwa mabomba hadi kwenye silo, yaani ghala la mnara la kuhifadhia unga, Dar, ifungashwe hapo. Ni utaratibu wa kawaida duniani. Ila silo na gati ya meli za mwambao lazima viwepo kwanza, na TPA (Mamlaka ya Bandari) isiziweke meli hizo foleni moja na za makontena ya nje. Dereva, kutoka silo hadi madukani bado ni kazi ya lori, ingawa najua haimsaidii mama lishe wa Nangurukuru. Hilo la meli kurudi tupu ndilo linaloninyima usingizi, maana meli ya saruji ya unga haipakii soda. Hebu sema ukweli: safari za kurudi Kusini, ngapi unapata mzigo kamili? Na wakala atuwekee tozo za bandari kwa tani, tupige hesabu hapahapa.