Tanga: ukurasa wa mbele wanauharibu wao, mshahara anakatwa msanifu

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa kimya muda mrefu kulinda ugali wangu, lakini hili la mwezi huu limenishinda. Mimi ni msanifu kurasa wa gazeti moja la wiki hapa Tanga mjini. Gazeti silitaji na mmiliki simtaji, sina haja ya kumchafua mtu. Ninachotaka kijulikane ni kwamba mshahara wangu umekatwa karibu nusu kwa kosa ambalo nililikataa kwa maandishi kabla halijafanyika, na ujumbe wenyewe ninao kwenye simu mpaka sasa hivi ninapoandika.

Niwaeleze ilivyokuwa.

Gazeti letu linatakiwa liwe mezani Ijumaa asubuhi. Mtambo wa kulichapa uko Dar, kwa hiyo faili la kurasa zote lazima lifike kwa mchapaji Jumatano usiku, wachome pleti (mabamba ya kuchapia), Alhamisi wachape, usiku mzigo upakiwe kwenye basi uje ushushwe stendi ya Kange. Ukipitwa na zamu yako, magazeti ya kila siku yanaingia mtamboni na wewe unakaa pembeni mpaka wamalize. Ratiba hii kila mtu ofisini anaijua. Pamoja na kuijua, habari kubwa naletewa saa nne usiku, matangazo saa tano, na mmiliki anapata wazo jipya saa sita.

Toleo lile tulikuwa na ukurasa wa mbele mzuri kuliko yote tuliyotoa mwaka huu. Mvua ilikuwa imeingiza maji kwenye nyumba za watu Makorora, na mpiga picha wetu akamkuta mama mmoja amesimama mlangoni kwake, maji magotini, ndoo mkononi, anaitazama kamera moja kwa moja. Nilimwomba mpiga picha aniletee picha kutoka kwenye kadi ya kamera, asinirushie WhatsApp. Picha ikirushwa WhatsApp kwa njia ile ya kawaida inabanwa. Kwenye kioo cha simu utaiona safi kabisa, lakini ukiitandaza upana wa ukurasa inapoteza makali, kingo zinavunjikavunjika. Akaniletea kadi. Nikakaa na uso wa yule mama.

Hapa ndipo watu wengi hawajui kazi ilipo. Picha gazetini ni vidoti vya wino, na karatasi ya gazeti inanyonya wino. Kidoti ulichokiweka asilimia 50 kwenye kompyuta kinatanuka mtamboni na kutoka kama asilimia 75 hivi. Sasa chukua uso wa mtu mweusi aliyesimama kwenye kivuli cha mlango. Usipoufungua mapema, yaani usipoung'arisha ule weusi wa katikati huku ukiuacha mwanga wa kwenye paji na mashavu ulivyo, unatoka doa. Macho hayapo, mdomo haupo. Mara ngapi mmefungua gazeti la mkoani mkakuta watu wetu hawana sura, imebaki kofia na kola ya shati? Mpiga picha alipiga vizuri tu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa muda wa kuushughulikia uso.

Mimi muda huo niliutafuta. Nilikaa na ile picha mpaka maua ya kanga yakasomeka, nikapima jumla ya wino wa rangi zote nne za mtambo (samawati, pinki, njano na nyeusi) pale penye giza zaidi, nikaushusha chini ya asilimia 240, kiwango ambacho karatasi ya gazeti inakibeba bila kulowana na kupaka ukurasa wa jirani. Kichwa cha habari nikakichukua kwenye maneno ya mama mwenyewe: TUNALALA NA MAJI. Maneno matatu, herufi nene, juu ya mkunjo. Mhariri akaja akasimama nyuma yangu, akaangalia, akasema, "Hapo sawa, funga."

Saa sita kasoro simu ikaita. Ni mmiliki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sikiliza kijana, toa hiyo picha ya maji, weka ya mdhamini wetu. Nimeshakurushia WhatsApp."

Nikaifungua. Mtu kavaa suti nyeusi, kasimama ukumbini mbele ya pazia la zambarau iliyokolea, kapigwa kwa simu usiku, na picha yenyewe imeshazunguka kwenye makundi kabla ya kunifikia. Chini yake nikatakiwa niweke ukanda mweusi wa pongezi, herufi nyeupe, ndogo, kwa sababu majina ya wanaompongeza ni mengi na kila mmoja anataka aonekane. Na weusi uwe "mweusi kweli kweli", yaani rangi zote nne zijae.

Nikampigia. Nikamwambia, mzee, herufi nyeupe za ukubwa huo juu ya weusi wa rangi nne hazitachapika. Kila rangi ina pleti yake. Pleti moja ikihama hata nusu milimita, wino wake unaingia ndani ya herufi na kuziziba. Tutumie nyeusi peke yake, majina tuyahamishie ukurasa wa tatu kwa herufi zinazosomeka, na mdhamini atume picha ya mchana, hata kama ni ya simu, ila aitume kama faili. Akaniambia nisimfundishe kazi, gazeti ni lake. Nikayaandika yote hayo nikamtumia. Akajibu kwa maneno haya: "Weka kama ilivyo, faili liende." Faili likaenda.

Ijumaa nilikuta gazeti kwenye meza ya magazeti Ngamiani. Mdhamini hana uso. Suti na pazia vimeungana. Ukanda wa chini umekuwa kama lami iliyomwagwa leo, majina mengi yamezibwa, yaliyobaki yana kivuli cha pinki ubavuni. Wino umehamia mpaka ukurasa wa pili. Mdhamini akagoma kulipa, na kwa kweli alikuwa na haki ya kugoma. Mmiliki akaja ofisini, akasema mbele ya wenzangu wote kwamba nyie vijana wa kompyuta hamko makini, na hasara hii mtaibeba. Mhariri alikuwepo. Usiku ule aliusikia mjadala wote, na kabla ya hapo alikuwa ameshaupitisha ukurasa wa mama wa Makorora kwa mdomo wake. Siku hiyo aliinamia simu yake mpaka kikao kikaisha.

Wakuu, nina hasira, na siifichi.

Ukurasa wa mbele ndio unaouza gazeti la wiki, hakuna kingine. Simama kwenye meza yoyote ya magazeti asubuhi uone. Watu kumi wameinama wanasoma vichwa vya habari, mikono nyuma, na kati yao anayetoa hela ni mmoja au wawili. Redioni na kwenye runinga asubuhi wanasoma kurasa za mbele. Kwenye simu watu wanarushiana kurasa za mbele. Gazeti la kila siku likikosea leo, kesho lina nafasi nyingine. Sisi tukikosea tunakaa na aibu hiyo wiki nzima imetandikwa mezani. Halafu ukurasa huo huo ndio unaoamuliwa usiku wa manane na mtu aliyelala nyumbani, kwa kumpendeza mtu mmoja mwenye suti, na mama aliyesimama kwenye maji anatupwa ukurasa wa saba, picha ukubwa wa stempu. Yule mama alikubali kupigwa picha kwa sababu aliambiwa mji utaona. Mji haukuona.

Na hayo ni ya ukurasa wa mbele tu. Kurasa za ndani nazo zina yake. Mwandishi anapewa nafasi ya maneno 400, analeta 900, ukimwambia apunguze anakujibu "wewe ibane tu". Kuibana maana yake nishushe herufi mpaka mzee wa Chumbageni mwenye miwani ashindwe kusoma, au niondoe picha. Tangazo likiingia dakika za mwisho, dami, yaani mchoro wa mpangilio wa kurasa, niliyoipanga tangu Jumatatu inavunjwa yote. Halafu kuna hili la kukata maneno mwisho wa mstari: ukiiacha programu kwenye Kiingereza inakata kwa kanuni zake, unakuta "Tan-ga", unakuta "mkon-ge", katika gazeti la Waswahili, katika mji wa mkonge! Huwa napita safu kwa safu kurekebisha kwa mkono. Hiyo kazi haina anayeiona, ila nikiacha moja tu, Jumatatu naitwa.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa haya yanatokea Tanga. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likichapwa hapa hapa mjini, kwenye shule ya serikali enzi za Mjerumani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kabla yake wamisionari wa Magila kule Muheza walishakuwa na Habari za Mwezi. Mji huu ulikuwa unapanga herufi za madini ya risasi moja moja kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Leo hatuna mtambo wa gazeti, sawa, biashara imehama. Lakini hata heshima kwa anayepanga ukurasa nayo ihame?

Jina langu halimo kwenye kile kisanduku cha ukurasa wa nne. Wamo mmiliki, mhariri, waandishi, afisa matangazo, hata wakala wa usambazaji wa Korogwe yumo na namba yake ya simu. Nimeomba, nikaambiwa nafasi haitoshi. Nafasi hiyo ninaipanga mimi, najua inatosha.

Sasa tuje kwenye sheria, maana nimekwenda kuisoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi kufidia hasara mpaka mfanyakazi akubali kwa maandishi, ithibitike hasara ilitokana na kosa lake, na apewe nafasi ya kujieleza. Hata akikubali, makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya ujira. Mimi sijasaini kitu. Sijaitwa kujieleza. Nimekatwa karibu nusu. Sheria hiyo hiyo inataka kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ilipwe nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Jumatano zote nilizotoka ofisini mji umelala, sijawahi kuiona hiyo asilimia 5 na sijui msanifu hata mmoja wa gazeti la mkoani aliyewahi kuiona.

Najua wapo watakaoniambia niache kazi nifungue ofisi yangu ya kadi za harusi na mabango. Kadi nafanya, mabango nafanya, na yanalipa haraka kuliko gazeti. Lakini gazeti la wiki la mkoani ndilo pekee linaloandika mtaro wa Makorora, bei ya samaki pale Deep Sea, mechi ya Mkwakwani ambayo magazeti ya Dar yanaipa mistari miwili. Naipenda kazi hii na naijua. Sioni kwa nini niikimbie mimi wakati aliyeharibu amebaki kwenye kiti chake.

Ninachodai ni kidogo. Nirudishiwe hela yangu yote. Ukurasa wa mbele ukishapitishwa na mhariri, atakayetaka kuubadilisha aandike na asaini, na hasara iwe yake. Saa ya mwisho ya kupokea matangazo iwe saa kumi na mbili jioni Jumatano na iheshimiwe na mmiliki kwanza. Jina langu liingie kwenye kisanduku.

Barua nimeshampelekea, nakala kwa mhariri, na wamepokea kwa saini. Hawajajibu. Wasipojibu naenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na muda wa kupeleka mgogoro wa namna hii ni siku 60, kwa hiyo sina nafasi ya kubembelezana.

Kwa hiyo naomba msaada wa mwenye uzoefu, hasa wasanifu na waandishi wa mikoani. Aliyewahi kufungua shauri CMA hapa Tanga, walipokea ujumbe wa WhatsApp ukiwa kwenye simu, au walitaka uchapwe? Na kama sina mkataba wa maandishi, nina hati za malipo za M-Pesa tu zinazoonyesha jina la ofisi kila mwezi, walikubali hizo kama uthibitisho wa ajira? Mwenye jibu aandike hapa hapa ili na wengine waliokatwa wasome.