Sistikola watatu wa nyasi fupi, uwanda wa Athi: wanatenganishwaje kwa sauti?

Nyikani
Habari zenu wakuu. Mvua zimeshika na uwanda wa Athi, Kenya, umejaa sistikola, videge vidogo vya nyasini, wanaoruka juu ya nyasi wakilia "tsi, tsi". Eneo hili lina Cisticola juncidis, C. aridulus na C. brunnescens, na kwa macho wote ni kidege cha kahawia chenye michirizi. Rekodi ninazo, zilipigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp, lakini programu ya kutambua sauti inatoa jina jipya kila mara. Nianze na mdundo, wembamba wa sauti, au namna ya kuruka? Pia kuna mlio wa "prrr, prrr" kutoka juu sana, kama kitambaa kinachopepesuka, bila wimbo wowote. Ni wa nani?

Kichuguu
Anza na mruko na mdundo kwa pamoja, wembamba wa sauti uje mwisho. Hawa watatu wote wana sauti nyembamba, na sikio likitegemea hilo peke yake litapotea.

Juncidis huruka kwa mawimbi, akipanda na kushuka, na kila wimbi lina "dzit" moja. Mtazame huku unasikiliza: mdundo wa sauti na mdundo wa mwili ni kitu kimoja. Hesabu milio ndani ya sekunde 10. Ikiwa imepangana sawasawa, takriban mmoja kwa sekunde au upesi kidogo, umempata.

Aridulus hukaa chini zaidi. Milio yake ni "ting-ting-ting-ting", kama kijiko kikigonga glasi, nayo hufuatana upesi. Katikati yake sikiliza mipasuko mikavu: hiyo ni mbawa, si koo.

Brunnescens hupanda juu hadi anakuwa nukta, mkia mfupi kiasi kwamba ni kama hana. Huzunguka huko akitoa milio midogo, kisha hujitupa chini kwa kukatakata kona, na milio ikizidi kasi. Kosa la kawaida ni kushusha darubini mapema na kukosa huo mteremko, ambao ndio unaomtambulisha.

Na kama sauti inatoka juu ya kichaka, "cha-cha-cha" halafu mtetemo mkavu, hao watatu waondoe kabisa. Huyo ni sistikola mwingine, C. chiniana. Sistikola wamewasumbua watu tangu zamani, ndiyo maana mtaalamu wa ndege Hubert Lynes aliwaandikia mapitio marefu mwaka 1930, na majina yao mengi ya Kiingereza yanatokana na mlio.

Masikio_Mawili
Tatizo la programu huenda limeanzia kwenye rekodi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa na kupoteza sehemu ya juu ya sauti, na sistikola wanaishi hukohuko juu. Rekodi upya kwa faili la WAV, ambalo halibani sauti, sampuli 48,000 kwa sekunde. Zima kipunguza kelele cha simu, maana hukiona kidege cha mbali kuwa kelele na kukifuta. Kilele cha sauti kisipite desibeli -12 kwenye kipimo cha programu ya kurekodi.

Nenda alfajiri, kabla ya upepo kuamka. Simama mgongo ukiukinga upepo, rekodi dakika 2 au 3 mfululizo, na mwishoni sema kwa mdomo wako: saa, urefu wa nyasi, ndege alikuwa juu kiasi gani, alishukaje. Maelezo hayo yana thamani kuliko sekunde 20 za mlio mtupu.

Ukifungua picha ya sauti (spektrogramu) kwenye programu ya Audacity, tumia dirisha la uchambuzi la sampuli 512 ili mipasuko ionekane mistari iliyoachana; la 2048 litaipaka ikawa ukungu. Usikate masafa ya chini kabla ya kuangalia mbawa, kwa sababu sehemu ya sauti yao iko huko.

Kichuguu
Nyongeza kuhusu ile "prrr". Karibu hakika ni kipozamataza Mirafra rufocinnamomea, anayepiga mbawa angani kwa mikupuo mifupi. Mpangilio wa mikupuo hubadilika mahali hadi mahali, kama lahaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha hivyo. Kwa hiyo rekodi ya Zambia isikufanye umkatae wa Athi.

Usimchanganye na Mirafra africana. Huyu hukaa juu ya kichuguu au nguzo ya uzio, hupiga mluzi mtamu wa huzuni, hunyamaza sekunde chache, anarudia uleule. Naye hutikisa mbawa, lakini akiwa amesimama palepale.

Nyikani
Shukrani sana. Je, nikiwachezea sauti ili wasogee?

Masikio_Mawili
Hapana, hasa sasa wanapozaa. Dume ataacha eneo lake kumfukuza asiyekuwepo, na mlio wa hasira utakaorekodi si ule wa mruko unaoutafuta. Kaa chini mahali pamoja robo saa. Dume wa juncidis huzunguka eneo lake na kurudi juu yako.