Kwa nini China iliwafungia watu wake bahari?

Mwanatongoni (Tanga):
Wakuu, asalaam aleikum. Juzi nilikuwa kwenye magofu ya Tongoni, nikatia vidole katika vishimo vya duara vilivyobaki kwenye makaburi ya kale, palipokuwa pamepachikwa mabakuli ya kigeni. Nchi ambayo kaure yake ilifika hadi pwani yetu, ilikuwaje ikawakataza raia wake kufanya biashara baharini?

Mtu wa Kaole (Bagamoyo):
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Mwaka 1371 Hongwu, mwanzilishi wa utawala wa Ming, alipiga marufuku biashara binafsi ya baharini, kwa kuwa aliwahofia maharamia walioitwa wokou, yaani "maharamia wa Kijapani", pamoja na mabaki ya mahasimu wake waliokimbilia visiwani. Safari za Zheng He, amiri wa merikebu za Ming, za kati ya 1405 na 1433, ambazo baadhi zilifika Malindi, hazikuivunja amri hiyo, maana merikebu zile zilikuwa za mfalme mwenyewe.

Walioumia ni watu wa Fujian, mkoa wenye milima mingi na mashamba haba. Ukimzuia mtu wa huko asiende baharini, umemwachia magendo peke yake. Ndiyo sababu wengi wa wale "maharamia wa Kijapani" wa miaka ya 1550 walikuwa Wachina, na mmoja wa vinara wao, Wang Zhi, alikuwa mfanyabiashara wa Huizhou. Jemadari Qi Jiguang aliwakabili kwa vikosi vidogo vya wanakijiji, ambamo baadhi walishika mianzi mirefu iliyoachiwa matawi yake ili kuzinasa panga za adui. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kilichotuliza pwani zaidi ni kibali cha mwaka 1567, wafanyabiashara walipoanza kusafiri kwa leseni kutoka bandari ya Yuegang.

Nahodha Mstaafu (Tanga):
Naomba kuongeza jambo moja linaloniuma. Kuanzia 1661 utawala wa Qing, uliochukua nafasi ya Ming, ukitaka kumnyima chakula na mapato hasimu wake Zheng Chenggong, jemadari wa baharini aliyebaki mtiifu kwa Ming, na warithi wake, uliwahamisha wakazi wa pwani ya kusini kwenda bara na kuvichoma vijiji vyao. Mvuvi aliyejua maji kupwa na kujaa tangu utotoni alipelekwa mahali asipoweza hata kuiona bahari. Kisiwa cha Taiwan, ngome ya warithi hao wa Zheng, kilitekwa na Qing mwaka 1683, na biashara ikafunguliwa mwaka uliofuata.