Mjadala: Ukinitumia majina ya kufuata mtandaoni, umewadhamini wenye majina hayo au umeyatupa tu?

Mwangaluka wadau. Naomba tulizungumze hili bila kuoneana haya, maana limeshanivunjia heshima nyumbani.

Ijumaa jioni kwenye kundi letu la mtaa hapa Igoma, Mwanza, uliingia ujumbe: "Wafuate hawa, hutajuta." Nikahesabu majina, ishirini na matatu. Kila jina limewekewa alama ya moto, basi. Huyu ni nani, anaandika nini, mimi wa Igoma atanifaa kwa lipi, hakuna. Na wengi wa waliotajwa walikuwa wameshamtaja huyo aliyetuma ujumbe wiki iliyotangulia. Ni majirani wanarudishiana bakuli, halafu sisi tunaambiwa hicho ndicho chakula.

Msimamo wangu ni kwamba kumpendekeza mtu ni kumdhamini. Kama huwezi kumdhamini, usinitumie jina lake.

Nenda Makoroboi uulizie fundi cherehani. Mtu atakwambia: "Nenda kwa fulani, yule mwenye meza karibu na ngazi. Suruali anashona vizuri, magauni usimpe, na hela usimmalizie kabla hujavaa. Mwambie nimekutuma mimi." Sikilizeni maneno hayo. Umeambiwa anachokiweza, umeambiwa asichokiweza, umepewa tahadhari, na aliyekutuma amejitaja. Kitambaa kikiharibika unajua pa kurudi. Watu hao hao, wakishika simu, wanaacha yote hayo na kubakiza jina tupu.

Sasa niseme lililonikuta. Wifi yangu anaanika dagaa Igombe. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba mvua moja tu ikikuta mzigo bado mbichi, dagaa wanabadilika rangi na wanaenda kuuzwa bei ya chakula cha kuku. Mwaka jana aliniomba nimtafutie watu wa kufuata, wanaoelewa uanikaji, bei na hali ya hewa. Mimi, kwa haraka zangu, nikamsambazia orodha kama nilivyoipokea. Ndani yake mlikuwa na akaunti inayouza chanja za kuanikia, picha nzuri, wafuasi maelfu. Wifi akatuma malipo ya awali shilingi 150,000. Chanja hazijafika hadi leo. Nilipokuja kukaa chini na kuifungua ile akaunti vizuri, nikaona ilishabadili jina mara mbili, na picha za zamani kabisa ni vichekesho vya mpira. Waliitengeneza ikapata wafuasi, kisha ikageuzwa duka. Yaani wifi aliingizwa mjini, na aliyemshika mkono ni mimi.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Kwani wewe ulikuwa unamjua?" Swali hilo sijalipatia jibu.

Desturi hii ina historia. Januari 2009 Mmarekani Micah Baldwin alianzisha kwenye mtandao wa Twitter utaratibu wa kutajiana watu wa kufuata kila Ijumaa. Wakati ule ujumbe mmoja ulikuwa na nafasi ya herufi 140 tu, kwa hiyo watu walishindilia majina na maelezo yakakosa pa kukaa. Mwaka 2017 nafasi ikawa 280. Leo kwenye WhatsApp unaandika ukurasa mzima hakuna anayekubana, na bado tunatuma majina matupu. Kile kizuizi kilishaondoka, tabia tumebaki nayo.

Na jina tupu hata mtambo unatoa. Instagram, Facebook na TikTok zinatupendekezea watu kutwa nzima, kwa kuangalia tunaowafuata na video tunazokawia kuzitazama. Lakini mtambo haujui kwamba wifi anaanika mchangani kwa sababu chanja hana. Mimi najua. Nikimpa jina bila kutumia ninachokijua, nimefanya kazi gani?

Semeni nanyi.

*

Mchuuzi, Mwaloni Kirumba:

Dada, pole sana kwa wifi. Ila hapo umefunga mlango kwa komeo wakati ulitakiwa kuuegesha tu. Mimi nilianza na wafuasi arobaini, wengi wao ndugu. Mtu mmoja ambaye hata hanijui aliniweka kwenye orodha kama hiyo unayoisema, na wiki ile ile nikapata wateja wawili wa sangara wa kukausha kutoka Shinyanga. Mmoja nauziana naye hadi leo. Angengoja anidhamini angenidhamini kwa lipi, na hajawahi kula samaki wangu? Mkisema lazima dhamana, watatajwa wale wale wakubwa ambao hawana shida ya kutajwa. Mtu mzima anaangalia mwenyewe. Hata hapa Mwaloni ukionyeshwa meza, mzigo unaukagua kwa mkono wako.

Ninachokubaliana nawe ni hawa chawa wanaolipwa kumsifia mtu halafu wanaandika kama mapenzi tu. Hao waseme wamelipwa.

*

Dereva bodaboda, Buhongwa:

Mimi nafuata wachekeshaji na mpira. Asiponichekesha namtoa. Dhamana ya nini tena?

*

Mwalimu wa sekondari, Nyegezi:

Wote mnamzungumzia anayepokea jina. Hakuna aliyemgusa mwenye jina.

Nilikuwa na mwanafunzi wangu wa zamani, binti, anaweka video fupi za kemia kwa Kiswahili. Wafuasi wake mia tatu hivi, wengi wanafunzi. Mtu mwenye nia njema kabisa akamtaja kwenye kundi la watu wengi, na neno aliloongeza ni moja tu: "mrembo". Kemia hakuitaja. Siku tatu mfululizo binti akawa anapokea ujumbe wa usiku wa manane, mwingine wa kuudhi hata kuusimulia hapa siwezi. Akafunga akaunti. Vipindi vile vilikuwa vinasaidia watoto ambao shule zao hazina maabara, vimepotea.

Kwa hiyo kabla ya dhamana, naomba ruhusa. Mtu mwenye wafuasi laki moja amezoea umati. Mwenye mia tatu muulize kwanza, na ukimtaja, taja kazi yake, sura yake iache.

Halafu, Dada wa Igoma, hilo la akaunti kubadili jina lingeonekana mapema. Instagram ukigusa jina la akaunti, kuna sehemu inaonyesha ilifunguliwa lini, na mara nyingi kama imewahi kubadili jina. Kurasa za Facebook nazo zina sehemu ya uwazi inayoonyesha majina ya zamani. Ni dakika moja.

*

Mleta mada:

Mwalimu, nimesoma mchango wako mara mbili. Kwa huyo binti sina cha kubisha, na nakiri sikuwahi kumfikiria anayetajwa. Nilidhani kutajwa ni zawadi siku zote.

Kaka wa Mwaloni, umenisogeza kidogo lakini hujanihamisha. Aliyekutaja hakuwa amekula samaki wako, sawa. Si angeandika hivyo hivyo? "Huyu anauza sangara wa kukausha, sijanunua kwake, picha zake ni za mzigo wake mwenyewe na anajibu maswali." Hiyo nayo ni dhamana, ina kipimo chake, na mkubwa wala mdogo hazuiwi. Mteja wako wa Shinyanga angekuja tu. Na kusema mtu mzima anakagua mwenyewe ni kweli mezani, kwa sababu samaki unamshika na unamnusa. Kwenye simu wifi alikuwa ananusa nini? Alikuwa na imani yake kwangu tu.

Bodaboda, wa kuchekesha nakuachia, asipochekesha hujapoteza kitu. Mimi nasema pale ambapo mtu atatoa hela, au atameza dawa, au ataingiza mtumbwi ziwani kwa sababu ya alichosoma.

Basi nianze mimi, na jina moja. Kwa mvua na upepo wa ziwa, wifi sasa anafuata Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Namtumia hiyo kwa moyo mweupe, ila nimemwambia utabiri wao unataja mkoa mzima na wingu la Igombe anapaswa kulitazama mwenyewe.

Kuna wa pili ningependa kumleta, kijana wa upande wa Kayenze. Asubuhi anaandika mitumbwi mingapi imerudi na dagaa, na bei waliyofungulia. Nimemfuatilia miezi minne. Bei zake nimezilinganisha na za wifi na zinakaribiana sana, ila za sangara huwa anakisia, hizo msizitegemee. Jina lake silitaji bado. Nimempigia leo asubuhi kumwomba ruhusa, naye amekubali, ila kaomba nisubiri giza la mwezi liingie. Kwa mbalamwezi hii mitumbwi ya dagaa imelala nchi kavu, na hataki watu wamfuate siku ambayo hana cha kuwaambia.